Maswali ya Wasomaji: Detekta ya Metali, ya Pwani na ya Shamba

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza detekta ipi ni nzuri. Swali hilo halina jibu mpaka msomaji aseme ataitumia wapi na anatafuta nini. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vina mchanga mweupe mkavu, mchanga uliolowa maji ya chumvi, na udongo mwekundu wa mashamba. Mashine inayong'ara kwenye mmoja inaweza kushindwa kabisa kwenye mwingine, hata kama bei yake ni kubwa. Tumechagua maswali yanayogusa sehemu zote hizo.

Assalaam alaykum. Nimenunua detekta iliyotumika kutoka kwa mgeni aliyekuwa akiondoka. Juu kwenye mchanga mkavu inafanya kazi vizuri. Nikishuka pale maji yalipopwa, inalia ovyo kila mahali, na nikichimba sikuti kitu. Imeharibika?
*Msomaji, Paje*

Waalaykumu ssalaam. Haijaharibika. Mashine inaisikia chumvi.

Detekta nyingi za bei nafuu ni za aina ya VLF, yaani za mawimbi ya masafa ya chini sana, na hutumia masafa mamoja tu. Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na kHz moja ni mitetemo elfu moja. Garrett ACE 300, kwa mfano, hufanya kazi kwa 8 kHz. Koili, ile sahani ya mwisho wa mpini, hutuma mawimbi chini, kitu kinachopitisha umeme hujibu, na mashine hupima jibu hilo. Maji ya bahari nayo hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa hujibu kama karatasi nyembamba ya aluminiamu iliyotandazwa pwani nzima. Mchanga wetu mweupe wenyewe, ambao ni matumbawe na kombe zilizosagika, hauna shida yoyote. Ndiyo maana huko juu mashine imetulia.

Unaweza kuipunguzia kelele bila ya kununua nyingine. Shusha sensitiviti, yaani wepesi wa mashine kusikia, mpaka nusu au chini ya hapo. Inua koili kiasi cha sentimita 5 kutoka mchangani na uiweke kimo hichohicho muda wote, kwa sababu kelele nyingi huja pale koili inapopanda na kushuka. Kama mashine ina kitufe cha kusawazisha ardhi, yaani cha kuifanya isiisikie ardhi yenyewe, isawazishe ukiwa umesimama juu ya mchanga uliolowa, si juu kwenye ukavu. Koili ndogo husaidia pia, maana inaona mchanga mchache kwa wakati mmoja. Utapoteza kina, hilo halina budi.

Kabla ya yote, fungua kifuniko cha plastiki kilicho chini ya koili. Mchanga na maji ya chumvi vikinasa humo, mashine hulia hata ikielekezwa angani. Waya wa koili nao uzungushe ukaze kwenye mpini, kwa sababu waya unaoning'inia na kucheza hutoa mlio wa uongo.

Kama kazi yako ni ya pwani hasa, akiba yako ielekeze kwenye mashine ya masafa mengi kwa pamoja, kama Minelab Equinox, Nokta Legend au XP Deus II. Hizi husikiliza masafa kadhaa kwa mara moja, hulinganisha majibu na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Njia ya pili ni mashine za PI, kama Garrett Sea Hunter, ambazo hupiga pigo la umeme, hunyamaza kidogo, kisha husikiliza. Jibu la chumvi hufa haraka kabla mashine haijaanza kusikiliza, jibu la metali hubaki. PI inakwenda chini sana, lakini haitenganishi vizuri chuma na dhahabu. Kwenye pwani zenye madau na mashua utachimba kila msumari uliooza, na kila msumari utakula dakika zako. Kwa Paje na Jambiani sisi tungechukua ya masafa mengi.

Na tafadhali usiingie kwenye mashamba ya mwani. Vigingi na kamba zile ni riziki ya watu, na shimo moja linatosha kung'oa kigingi.

Nafanya kazi hotelini Kendwa. Mara kwa mara mgeni hupoteza pete ya ndoa, na sote tunakimbilia kuchimbua mchanga kwa mikono. Hatuipati. Hoteli sasa imenunua detekta. Tuanzie wapi?
*Mfanyakazi wa hoteli, Kendwa*

Muanzie kwa kuzuia mikono. Pete iliyoanguka sasa hivi iko sentimita chache tu chini. Watu kumi wakifukua, huishia kina kisichojulikana, pengine mita mbili kutoka pale ilipoangukia.

Chomeka kigingi pale mgeni anapodhani ilianguka na upige picha ukiwa na alama mbili nyuma yako, mnazi na nguzo kwa mfano, ili kigingi kikichukuliwa na maji mahali papatikane tena. Kisha muulize mgeni maswali matatu, na uandike majibu. Ilikuwa saa ngapi? Maji yalimfika wapi mwilini? Alikuwa akifanya nini: akijipaka mafuta, akirusha mpira, akitoka kuogelea? Saa na kimo cha maji, ukivilinganisha na jedwali la kupwa na kujaa, vitakuonyesha mstari alikokuwa amesimama hata kama sasa mstari huo ni mkavu. Aliyekuwa akijipaka mafuta pete yake iko miguuni pake. Aliyerusha mpira, pete imeruka upande wa mkono uliorusha, na huweza kwenda mita kadhaa.

Muulize pia pete ni ya nini. Kama mwenzi wake anayo inayofanana nayo, iazimeni dakika mbili, ipitisheni chini ya koili kwa umbali wa sentimita 10, na muandike namba inayotokea kwenye kioo. Hiyo ndiyo namba mnayoitafuta. Zima uchujaji wote, yaani mpangilio wa kukataa baadhi ya metali, isipokuwa wa chuma.

Pima mraba wa mita 10 kwa 10 kwa kamba, kigingi kikiwa katikati, na ugawe njia za upana wa mita moja kwa kamba ya pili mnayoihamisha. Fagia koili sambamba na mchanga, sentimita 2 au 3 juu yake, usiinyanyue mwisho wa kila mkupuo kama anayefyeka majani. Makosa mengi hutokea hapo: mwisho wa mkupuo koili huwa juu sentimita 15, na kingo za njia hubaki hazijapimwa. Kila mkupuo uingie nusu juu ya uliotangulia, kwa sababu chini kabisa koili huona eneo dogo kuliko umbo lake. Koili ya inchi 11 ina kama sentimita 28, basi songa sentimita 14 tu kwa hatua. Mkimaliza mraba, ufagieni tena kwa kuukata, mashariki na magharibi kama mwanzo mlikwenda kaskazini na kusini. Kazi hii ichukue saa nzima au zaidi. Ikimalizika kwa dakika ishirini, haikufanywa.

Mashine ikilia, ipitishe kwa mistari miwili inayokatana, na pale mlio unapokuwa mkali kwenye mistari yote miwili ndipo palipo na kitu. Chomeka skupu ya matundu sentimita 10 nyuma ya alama, si juu yake, usije ukaikata au kuisukuma chini. Pima shimo tena kabla ya kupekua mchanga uliotoka: kama bado linalia, pete haijatoka. Kisha fukia.

Isipopatikana ndani ya mraba, panueni kuelekea baharini kwanza, maana wimbi linaporudi huvuta. Dhahabu ni nzito sana, haielei na mchanga, huzama taratibu mpaka ifike safu ngumu ya mchanga ulioshikana au jiwe. Kila maji yakijaa na kupwa juu yake hushuka kidogo, kwa hiyo msingojee kesho kama maji ya leo yanaruhusu. Kwenu Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali kama mashariki, nafasi ya kufanya kazi ukavuni ni finyu. Maji ya leo yasiporuhusu, subirini bamvua ikiwa siku zake zimekaribia. Siku hizo maji hupwa sana, kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na kilichokuwa kifuani kwa mtu huweza kuwa magotini. Maji mafu hayatawasaidia.

Hivi mashine inaweza kuniambia kuwa hiki ni dhahabu na hiki ni kizibo cha soda?
*Kijana, Bwejuu*

Hapana. Mashine haijui dhahabu. Inajua jinsi kitu kinavyopitisha umeme, ukubwa wake na umbo lake, na vyote vitatu huchanganywa kuwa namba moja. Fedha na shaba nene hutoa namba za juu, chuma hutoa za chini. Katikati hapo mna pete ya dhahabu, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kishikio cha kufungulia kopo la soda, na kipande cha risasi ya mshipi. Pete ndogo ya mwanamke mara nyingi hutoa namba ileile ya karatasi. Anayezima namba hizo ili asisumbuliwe na taka, amezima dhahabu.

Utakachojifunza kwa masikio ni umbo la mlio. Pete ni duara kamili na mlio wake huwa safi, mfupi, unafanana ukifagia kutoka kila upande. Karatasi iliyokunjika na kizibo kilichoshika kutu hutoa mlio unaokatika au namba inayoruka ukizunguka robo ya duara. Hiyo si sheria isiyokosea, ila hukupunguzia mashimo mengi. Vaa hedifoni, pwani ina upepo.

Mkufu mwembamba una shida yake. Umeme hauzunguki vizuri kutoka kiungo hadi kiungo, na mashine huona kama kiungo kimoja kidogo tu. Mkufu wa gramu 10 unaweza usisikike pale pete ya gramu 3 inapopiga kelele. Mara nyingi kinachosikika ni kile kidude cha kufungia. Basi kwa mkufu punguza mwendo na karibisha koili mpaka iguse mchanga. Kama mashine yako inakuruhusu kuchagua masafa, chagua ya juu, 20 kHz au zaidi, ukiwa kwenye mchanga mkavu.

Jambo jingine: baadhi ya sarafu zetu za sasa zina kiini cha chuma. Ziguse kwa sumaku uone. Detekta iliyowekwa kukataa chuma itazipita.

Mke wangu aliangusha bangili ya fedha shambani wakati wa kuchuma karafuu. Nimeazima detekta ya jamaa wa Unguja ambayo pwani inafanya vizuri, lakini huku udongo ni mwekundu na mashine inavuma tu.
*Mkulima, Mtambile*

Wekundu wa udongo huo ni chuma. Kuna chembe ndogo za madini ya chuma ndani yake, na mashine huziona zote kwa pamoja. Hata Unguja, kwenye mifuko ya udongo mwekundu iliyo katikati ya mawe ya uwanda, hali ni hiyohiyo.

Dawa yake ni kusawazisha ardhi upya, hapo hapo shambani. Tafuta mahali pasipo metali. Hakikisha kwa kufagia kwanza. Shika kitufe cha kusawazisha, kisha pandisha na kushusha koili kutoka sentimita 30 mpaka 3, bila ya kuyumba, mpaka mlio ubaki uleule juu na chini. Rudia kila unapohama kutoka udongo mwekundu kwenda kwenye kichanga, na baada ya mvua, kwa sababu unyevu hubadilisha mambo. Mashine isiyo na kitufe hicho imesawazishwa kiwandani kwa ardhi ya wastani, na hapo huna la kufanya ila kupunguza sensitiviti.

Bangili ya fedha ni kitu kikubwa na kinachopitisha umeme vizuri sana. Itatoa namba ya juu, yenye mlio mtamu. Unaweza kukataa chuma chote bila ya hofu, na masafa ya chini, 5 hadi 8 kHz, yanatosha. Ondoa majani makavu kwa reki ya mbao au ya plastiki kwanza, maana bangili iliyoanguka msimu huu huenda bado imelala juu juu, na kila sentimita ya majani ni sentimita unayoipoteza. Anza pale ngazi ilipoegemezwa na pale karafuu zilipochambuliwa. Karibu na shina tumia koili ndogo ya inchi 6 hivi, kubwa haipiti baina ya mizizi.

Usiende na panga kiunoni wala jembe begani. Mashine itakuwa inakusikia wewe.

Kuna watu wanasema Mtambwe Mkuu na Ras Mkumbuu kumejaa sarafu za kale. Nikienda na detekta nikaokota zilizo juu juu tu, kuna ubaya gani?
*Msomaji, Wete*

Upo, na ni mkubwa, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Sarafu kweli zimepatikana. Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta Mtambwe Mkuu, mji wa kale wa Pemba, lundo la sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala wa hapa hapa pwani, lakini hazina mwaka. Za dhahabu ni dinari za Kifatimi, yaani za watawala wa Misri wa zama hizo, zilizotoka mbali, na zinajulikana ni za karne ya 11. Kwa kuwa zilikutwa mahali pamoja, katika safu moja ya udongo, za dhahabu zikazitolea ushahidi za fedha. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba Pemba ilikuwa na fedha yake iliyokuwa ikizunguka sokoni kiasi cha miaka 900 iliyopita.

Sasa fikiria mtu angetangulia na detekta, akazitoa zile za dhahabu tu na kuziuza Mombasa au Dubai. Zile nyingine 2,000 zingebaki vipande vya fedha visivyo na tarehe, na hakuna mashine duniani ambayo ingeweza kuturejeshea. Sarafu moja "ya juu juu" nayo ina kazi hiyohiyo. Mahali ilipolala, kina chake, na vigae vilivyokuwa kando yake ndivyo vinavyosema. Ikiwa mfukoni mwako imenyamaza.

Sheria ya Zanzibar ya kuhifadhi mambo ya kale inayalinda maeneo hayo, na kuchimba bila ya kibali ni kosa. Hayo yanahusu pia Pujini, Chwaka ya Tumbe, Unguja Ukuu, Tumbatu, Kizimkazi na magofu ya majumba ya masultani. Ukiwa unalima shambani kwako na jembe likaibua sarafu au kigae kilichonakshiwa, kiache kama kilivyo, piga picha pamoja na kitu cha kupimia ukubwa, na umpelekee habari sheha au ofisi ya makumbusho na mambo ya kale. Usikisugue kwa ndimu wala kwa mchanga. Kutu ya kijani ya shaba ndiyo inayoyashikilia maandishi, ukiitoa yanatoka nayo.

Mahali pa halali pa kutafuta sarafu ni pwani za wazi zinazopitiwa na watu kila siku, na mashamba kwa ruhusa ya mwenyewe. Kunapatikana senti za shaba za Afrika Mashariki zenye tundu katikati na pesa za shaba za Sayyid Barghash za mwaka 1299 Hijria. Hata hizo, andika ulizipata wapi.

Na hazina ya Kapteni Kidd kisiwani Misali?
*Mwanafunzi, Chake Chake*

William Kidd, nahodha aliyehukumiwa kwa uharamia, alinyongwa London mwaka 1701. Safari yake katika bahari yetu inajulikana: Madagaska, Komoro, mlango wa Bahari ya Shamu, pwani ya Uhindi, kisha Madagaska tena. Mali aliyoifukia na ikathibitika ilikuwa Gardiners Island, karibu na New York, mwaka 1699, na serikali iliifukua mwaka huohuo. Misali ni hifadhi, na mchanga wake ni wa kasa kutagia. Detekta isishuke huko.

Kuna mtu anauza mashine yenye antena mbili. Anasema inaona dhahabu umbali wa mita 1,000 na kina cha mita 30, na bei yake ni mara kumi ya hizi za kawaida.
*Mfanyabiashara, Darajani*

Usinunue. Hakuna mashine ya mkononi inayofanya hivyo. Detekta ya kweli huona sarafu moja kwa kina kinachokaribia upana wa koili yake, sentimita 20 hadi 30, na kitu kikubwa kama sufuria mita moja au kidogo zaidi. Mawimbi yake hufifia kwa kasi mno kila unapokwenda mbali. Kina kikiongezeka maradufu, jibu la sarafu hupungua mara makumi.

Antena zinazogeuka zenyewe hugeuzwa na mkono wa aliyezishika, bila ya yeye kujua. Uingereza ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 mwaka 2013 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, vilivyoitwa ADE 651, kama vya kugundua mabomu. Ndani hamkuwa na kitu chochote kinachofanya kazi, na watu walikufa huko Iraki kwa kuviamini kwenye vizuizi vya barabarani.

Jaribio ni rahisi. Mwambie muuzaji atoke nje, ficha pete chini ya kimoja kati ya vikombe kumi, wewe mwenyewe utoke pia, na mtu mwingine asiyejua amsimamie akitafuta. Fanyeni hivyo mara kumi. Atakupa sababu nyingi za kukataa.

Nataka kwenda Chunya na detekta. Au hapa kwetu pia kuna dhahabu ardhini?
*Kijana, Mkokotoni*

Unguja na Pemba ni chokaa ya matumbawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi. Dhahabu ya asili hakuna. Chunya ipo, na eneo la Lupa lilivuta watu wengi tangu miaka ya 1920, kwa sababu kulikuwa na dhahabu ya vipande katika mikondo ya mito.

Elewa kwamba detekta huona kipande, haioni vumbi. Dhahabu iliyosambaa ndani ya jiwe kama unga haitalia hata jiwe likiwa tajiri. Kwa vipande vidogo, chini ya gramu moja na karibu na uso wa ardhi, mashine ya VLF ya masafa ya juu inafaa. Minelab Gold Monster 1000 hutumia 45 kHz. Kwa vipande vikubwa vilivyo chini zaidi, katika ardhi yenye chuma kingi, wachimbaji hutumia PI kama Minelab GPX. Mashine yako ya pwani ya masafa mengi inaweza kufanya kazi, lakini utaikuta nzito wa kusikia. Na usitie koili ardhini kabla ya kuwa na leseni, au makubaliano ya maandishi na mwenye leseni. Huko hakuna ardhi isiyo na mwenyewe.

Nikiokota pete pwani kwa detekta, ni yangu?
*Msomaji, Jambiani*

Kwa Muislamu hiki ni kilichookotwa, luqata, na mafundisho yake yanajulikana: kitambue vizuri, kitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija umpe. Hukumu ya kinachofuata muulize sheikh wako au kadhi, si sisi. Upande wa vitendo, andika tarehe, mahali na saa. Waarifu hoteli zilizo karibu, sheha na kituo cha polisi. Tangaza kwamba umeokota pete, lakini usiseme ni ya rangi gani, ina jiwe au haina, wala maandishi ya ndani. Hayo ayaseme mwenyewe. Maandishi ya ndani na tarehe ya ndoa yamewarudishia wengi pete zao, basi zitazame kwa kioo cha kukuza kabla ya kukata tamaa.

Bomba la maji la zamani limepotea chini ya ua. Detekta ya pwani italiona?
*Fundi bomba, Mkoani*

Kama ni la chuma na kina chake ni mita moja hivi au pungufu, inawezekana kwa koili kubwa ya inchi 15, ila misumari na vizibo vya miaka vitakuchosha. Inua koili sentimita 30 hadi 40 kutoka chini: vitu vidogo vitanyamaza, bomba litabaki likivuma kwa mstari mrefu. Fagia kwa kulikata bomba, si kwa kulifuata, na uweke kijiti kila linapolia. Kazi ikiwa ya mara kwa mara, tafuta detekta ya maboksi mawili, boksi moja hutuma na jingine hupokea, yakiwa yametenganishwa na mti wa kama mita moja. Hiyo haioni sarafu kabisa, na huona bomba kwa mita mbili na zaidi. Bomba la plastiki halionekani kwa detekta yoyote. Pitisha waya wa shaba ndani yake kutoka kwenye koki, ndipo utafute waya.

Tunapasua mbao za jahazi kongwe Nungwi, misumari inatuharibia misumeno.
*Fundi wa vyombo*

Hapo huhitaji detekta kubwa. Kile kijiti kifupi cha kubainishia mahali metali ilipo, au fimbo ya ukaguzi wanayotumia askari wa bandarini, inatosha. Huona msumari uliozama sentimita chache tu, kwa hiyo pitisha pande zote nne za ubao, taratibu, na upitishe tena baada ya kila kipande kinene kupasuliwa, maana uso mpya umefunguka. Misumari ya shaba sumaku haitaiona. Fimbo itaiona.

Mashine yangu imeandikwa haiingii maji, lakini imekufa baada ya kuogelea nayo.
*Msomaji, Kiwengwa*

Soma maandishi tena. Mashine nyingi zina koili isiyoingia maji na boksi linaloingia. Zile zilizozibwa zote zina kikomo: Garrett AT Pro na Equinox 800 ni mita 3, Deus II ni mita 20, Minelab Excalibur II kama mita 60. Mita 3 ni za kusimama na kuinama, si za kuzamia.

Yako ikiwa ni ya mita 3 na maji yameingia, karibu kila mara njia ni mpira wa oringi kwenye kifuniko cha betri au kwenye plagi ya hedifoni. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga inatosha. Kila ukifungua, futa oringi kwa kitambaa safi, ipake grisi ya silikoni kidogo sana, usitie mafuta ya petroli ya kujipaka, hulainisha na kuvimbisha mpira. Mashine ikitoka baharini, isuuze kwa maji matamu kabla chumvi haijakauka, ikiwa imefungwa kila mahali. Chomoa mpini, toa mchanga kwenye viungo, anika kivulini. Plagi iliyoota kijani isugue kwa brashi ya meno na spiriti.

Maji ya bahari yakiingia ndani, toa betri mara moja na usiiwashe "kujaribu". Umeme na chumvi hula njia za shaba kwa dakika chache. Ifungue, isuuze bodi kwa maji yaliyochujwa yasiyo na madini, kisha kwa spiriti, uiache siku mbili mahali pakavu. Betri ya lithiamu iliyolowa chumvi usiichaji tena.